Sura ya Saba: Mistari Michache, Mwenyewe Hayupo

Mwaka 1999 kampuni ya id Software ya Marekani ilitoa mchezo wa kompyuta uitwao Quake III Arena. Ndani ya msimbo wa mchezo huo mlikuwa na kipande kifupi mno, mistari inayotosha kwenye kiganja, kilichofanya hesabu moja: kugawanya moja kwa kipeuo cha pili cha namba yoyote unayokipa. Michezo ya pande tatu huihitaji hesabu hiyo mfululizo, kwa sababu mwanga unaoangukia ukuta na mwelekeo wa kila uso unaoonekana kwenye skrini hupimwa kwa vekta ambazo kwanza lazima zipunguzwe au zirefushwe hadi ziwe na urefu wa moja. Kwa kompyuta za miaka ile, kugawanya na kutafuta kipeuo zilikuwa kazi za polepole. Kipande kile kilizikwepa zote mbili. Kiliichukua namba yenye desimali, kikaisoma kama namba nzima, kikazisogeza biti zake hatua moja kulia, kikaitoa katika namba 0x5f3759df, halafu kikayarudisha matokeo kwenye hali ya desimali. Jibu lilitoka likiwa karibu na ukweli. Hatua moja ya njia ya Newton ikalisogeza zaidi, hadi kosa likabaki chini ya asilimia 0.2.

Pembeni mwa mstari uliobeba namba ile, mahali ambapo mwandishi wa programu huweka maelezo, palikuwa na tusi la mshangao. Hapakuwa na neno jingine la kusema namba imetoka wapi, imepatikana kwa hesabu gani, wala inashindwa lini.

Kipande hicho kilianza kupita mkono kwa mkono hata kabla kampuni haijauweka msimbo wote hadharani Agosti 2005. Watu walikinakili, wakakitumia, wakakistaajabia. Mwaka 2003 Chris Lomont wa Chuo Kikuu cha Purdue alilazimika kukaa chini na kukichambua kihisabati kuanzia mwanzo, akaeleza kwa nini kinafanya kazi, na mwishowe akapata namba nyingine iliyo bora kidogo, 0x5f375a86. Wengi waliamini mwenye kazi ni John Carmack, mwandishi mkuu wa programu wa id Software. Mwaka 2004 Rys Sommefeldt alimuuliza, naye akakana. Alipomfuata Terje Mathisen wa Norway, akakana pia. Gary Tarolli alisema amewahi kukitumia na kukirekebisha, lakini hakukizua yeye. Ufuatiliaji huo ulimfikisha kwa Greg Walsh, aliyekuwa akifanya kazi Ardent Computer mwishoni mwa miaka ya 1980. Kwa hiyo kipande kilikuwa kimezunguka kwa takriban miaka ishirini, kikiwa na maelfu ya wasomaji, bila jina la mwenyewe na bila sentensi moja ya kukieleza.

Hesabu yenyewe ni nzuri sana, na sina la kuilaumu. Ninacholalamikia ni gharama waliyobebeshwa wengine. Aya moja iliyoandikwa siku ile namba ilipopatikana ingewaokolea watu wengi kazi ambayo ilikuwa imeshafanywa. Ndiyo maana katika sura hii ninashikilia kwamba anayempa mwenzake msimbo bila maelezo amempa nusu ya kitu, na nusu iliyobaki atailipia aliyepokea.

Waliotutangulia walilielewa jambo hili mapema ajabu. Tarehe 6 Mei 1949, katika Maabara ya Hisabati ya Chuo Kikuu cha Cambridge, kompyuta iliyoitwa EDSAC iliendesha programu yake ya kwanza na kuchapa jedwali la miraba ya namba kuanzia 0 hadi 99. Ilikuwa mashine ya kujaza chumba, na kumbukumbu yake ilitunzwa ndani ya mirija ya zebaki. EDSAC haikuwa na amri ya kugawanya. Aliyetaka kugawanya ilibidi aandike mwenyewe mfuatano wa amri za kujumlisha, kutoa na kuzidisha ambazo mwisho wake ni kugawanya, na aliyekaa meza ya pili, naye akitaka kugawanya, angefanya kazi hiyo hiyo upya.

Maurice Wilkes, mkuu wa maabara, hakutaka hali hiyo iendelee. Kazi ya kutengeneza maktaba ya programu ndogo ilimwangukia David Wheeler, kijana aliyekuwa mwanafunzi wa utafiti. Kila programu ndogo ilitobolewa kwenye kanda ya karatasi na kuhifadhiwa kabatini. Mtu alikwenda kabatini, akachukua kanda aliyoihitaji, akainakili kwa mashine kwenye kanda yake mwenyewe, kisha akairudisha. Kufikia mwaka 1951 kulikuwa na programu ndogo 87, zilizopangwa kwa herufi: D kwa kugawanya, L kwa logariti, P kwa kuchapa, T kwa trigonometria, na kadhalika.

Kilichonivutia zaidi ni kitabu walichokitoa mwaka huo huo Wilkes, Wheeler na Stanley Gill, kinachohesabiwa kuwa kitabu cha kwanza cha kufundisha uandishi wa programu. Sehemu nzima ya kitabu hicho ni maelezo ya programu ndogo bila amri zake. Unaambiwa itachukua nafasi ngapi za kumbukumbu, itatumia muda gani, namba zako uziweke wapi kabla ya kuiita na jibu utalikuta wapi. Amri zenyewe, tena za programu chache zilizoteuliwa, zimewekwa sehemu nyingine inayofuata. Waandishi walijua kwamba anayetaka kugawanya hana haja ya kusoma jinsi kugawanya kunavyofanyika. Ana haja ya kujua atapata nini, kwa gharama gani na kwa masharti gani. Leo ukifungua maelezo mazuri ya maktaba yoyote ya programu utakuta mpangilio ule ule, na walioandika huenda hawajawahi kusikia habari za EDSAC.

Mwaka 1952 Wheeler, akiwa na umri wa miaka 25, alisoma mada ya kurasa mbili kwenye mkutano uliofanyika Pittsburgh, Marekani. Katika kurasa hizo mbili kuna jambo ambalo kila anayeanza kazi hii angepaswa kuambiwa siku ya kwanza. Alieleza kwamba programu ndogo ikishaandikwa na kujaribiwa, bado inabaki kazi kubwa ya kuiandikia maelezo ili mtu asiyeijua kwa ndani aweze kuitumia bila taabu, na kwamba huenda kazi hiyo ikawa ngumu kuliko zote. Huyu ni mtu aliyekuwa akipambana na mashine isiyojua hata kugawanya, yenye kumbukumbu finyu kiasi kwamba kila amri ilihesabiwa. Akiwa katikati ya ugumu wote huo, alichokitaja kuwa kigumu zaidi ni kuwaandikia watu wengine.

Ugumu huo una sababu. Aliyeandika msimbo anajua mambo mengi ambayo hajui kuwa anayajua. Anajua orodha inayoingia haitakuwa tupu, kwa kuwa kwake haijawahi kuwa tupu. Anajua tarehe zitaanza na siku, kisha mwezi, kisha mwaka, kwa kuwa ndivyo alivyozizoea tangu darasa la kwanza. Kuandika maelezo ni kuyatafuta mambo hayo kichwani mwako na kuyatoa nje, na hakuna kompyuta itakayokupigia kelele ukilisahau moja. Msimbo wenye kosa la herufi unagoma kukimbia. Maelezo yenye pengo yanakaa kimya mpaka mtu mwingine, mahali pengine, aumie.

Februari 1960 jarida la Communications of the ACM lilianzisha sehemu ya kuchapisha algoriti, zikiandikwa kwa lugha ya ALGOL na kupewa namba moja baada ya nyingine. Algoriti ya 64, iliyotoka Julai 1961, ni Quicksort ya C. A. R. Hoare. Wazo lake alikuwa amelipata akiwa mwanafunzi Chuo Kikuu cha Moscow, akishughulikia kutafsiri Kirusi kwa mashine: maneno ya sentensi yalihitaji kupangwa kwa mfuatano wa alfabeti ndipo yatafutwe kwenye kamusi iliyohifadhiwa katika utepe wa sumaku. Algoriti iliyochapishwa ni mistari michache sana, na mpaka leo mbinu hiyo imo ndani ya maktaba za lugha nyingi za kompyuta.

Lakini zaidi ya algoriti zenyewe, ninaupenda utaratibu uliozizunguka. Jarida lilichapisha pia vyeti. Msomaji aliichukua algoriti ya mwenzake, akaiandika upya kwa ajili ya mashine aliyokuwa nayo, akaijaribu kwa namba zake, kisha akatuma taarifa: imefanya kazi, au haikufanya, au imefanya baada ya kubadilisha mstari fulani. Taarifa hiyo ilichapishwa ikiwa na jina lake. Mwaka 1962 J. S. Hillmore alichapisha cheti cha algoriti ya 63, 64 na 65, zote za Hoare. Jarida lenye heshima lilitenga nafasi kwa ajili ya mtu ambaye hakubuni kitu, aliyefanya kazi ya kuhakiki cha mwenzake, na likaihesabu kazi hiyo kuwa mchango wa kitaaluma. Tangu hapo tumepata zana nyingi za kurahisisha kugawana msimbo, ila sijaona iliyompa mhakiki hadhi kama ile. Tunahesabu nyota na idadi ya waliopakua, na hesabu hizo hazisemi kama kuna aliyewahi kukijaribu kitu chenyewe kwa makini.

Kitu kingine ninachokithamini kutoka kwa wazee hao kilitoka Bell Labs. Mwongozo wa kwanza wa Unix, wenye tarehe 3 Novemba 1971, ulioandikwa na Ken Thompson na Dennis Ritchie, ulieleza kila amri kwa vichwa vile vile: jina, namna ya kuiita, inachofanya, mafaili inayoyagusa, amri nyingine za kuangalia, na mwishoni kasoro zake. Kasoro zilikuwa na nafasi yao rasmi tangu siku ya kwanza, na chini kabisa palitajwa mwenye amri hiyo. Jaribu kuandika sehemu ya kasoro kwa kipande chako chochote cha msimbo uone kitakachotokea. Mara nyingi ukishaiandika kasoro kwa maneno yaliyo wazi unaona aibu kuiacha, unarudi kuirekebisha. Ile isiyorekebishika inabaki pale pale imeandikwa, na msomaji anakuamini zaidi kwa sababu hiyo.

Sasa tuje karibu na zama zetu. Mwaka 2010, kwenye mtandao wa Stack Overflow, mtu aliuliza namna ya kuonyesha ukubwa wa faili kwa njia ambayo binadamu ataisoma, yaani badala ya baiti 1,500,000 ionekane 1.5 MB. Mhandisi mmoja alimjibu kwa mistari michache ya Java iliyotumia logariti badala ya kuzunguka kwa kugawanya mara nyingi. Ilikuwa fupi, ilipendeza, na watu wakaichukua. Watafiti waliochunguza nakala za misimbo ya mtandao huo ndani ya miradi ya GitHub, wakachapisha matokeo mwaka 2018, walikuta hicho ndicho kipande cha Java kilichonakiliwa kuliko vyote. Kilikuwa ndani ya maelfu ya miradi, na sehemu kubwa ya walionakili hawakutaja kimetoka wapi.

Mwaka 2019 mwenyewe alirudi kukitazama akakuta kina kasoro. Ukikipa baiti 999,999 kinakujibu 1000.0 kB, wakati jibu sahihi ni 1.0 MB. Kipande kilichagua kipimo kwanza, kikakuta namba haijafika milioni, kikaamua kutumia kilobaiti. Halafu ndipo kikakadiria desimali, na kwa kukadiria 999.999 ikawa 1000.0. Alirekebisha jibu lake na kuandika wazi kilichotokea, kama anavyopaswa kufanya mtu mwenye heshima kwa kazi yake. Ila marekebisho hayo hayakuweza kuzifikia zile nakala. Mtu aliyenakili mistari bila kuandika imetoka wapi alikata njia pekee ambayo habari ya kasoro ingepitia kumfikia. Kipande kilikuwa kama kidonge kilichotolewa kwenye boksi lake na kutiwa mfukoni: hakuna tena jina, tarehe wala onyo.

Ndiyo maana kuandika chanzo ni sehemu ya usalama wa programu, mbali na adabu na mbali na sheria. Mstari mmoja juu ya kipande, wenye anwani kilikotoka na tarehe kilipochukuliwa, unampa yeyote atakayekuja baadaye uwezo wa kurudi na kuuliza kama kuna jipya. Sheria nayo ipo. Misimbo ya Stack Overflow hutolewa kwa leseni inayodai mwandishi atajwe, na anayeibandika katika bidhaa ya kampuni bila kumtaja amevunja sharti, hata kama ni mistari mitano. Mwaka 2021, GitHub ilipotoa kwa majaribio zana yake ya Copilot inayoandika msimbo kwa kukisia, mtu aliifanya itoe kile kipande cha Quake neno kwa neno, tusi lake likiwemo, kisha juu yake ikaweka leseni isiyo yake. Zana za aina hiyo zimekuwa bora tangu wakati huo, lakini bado hutoa mistari isiyo na nasaba. Kwa maoni yangu anayeichukua mistari hiyo ana wajibu mzito zaidi wa kuijaribu na kuiandikia maelezo, kwa sababu hakuna mtu wa kumuuliza.

Wapo wanaosema dawa ni kuacha kunakili kabisa, kila kipande kiwe kifurushi cha kuunganishwa kutoka kwenye hifadhi moja, ili kikirekebishwa kule kirekebishike kwa wote. Machi 2016 tulionyeshwa upande wa pili wa hoja hiyo. Mwandishi mmoja, baada ya kuzozana na wasimamizi wa hifadhi ya npm kuhusu jina la kifurushi, aliviondoa vifurushi vyake vyote. Kimojawapo kiliitwa left-pad, mistari 11 inayojaza nafasi upande wa kushoto wa maandishi, na kwa muda wa saa chache miradi mingi mikubwa ya JavaScript ilishindwa kujengwa duniani kote mpaka wasimamizi walipokirudisha. Kwa kazi ya mistari 11 mimi nasema: nakili, jaribu, eleza, taja chanzo. Kwa kazi ya usimbaji wa siri au ya kusoma mafaili ya picha, unganisha maktaba inayotunzwa na watu wanaoijua fani hiyo.

Mfano wa nyumbani utaonyesha maelezo yanaweza kubeba nini. Huduma ya Daraja, iliyofunguliwa na Safaricom mwaka 2017 ili programu za nje ziweze kuzungumza na M-Pesa, hutaka namba ya simu ianze na 254 bila alama ya kujumlisha. Wateja hawaandiki hivyo. Wanaandika 07 na kuendelea, wanaweka nafasi katikati, wengine wanaanza na +254. Kwa hiyo karibu kila mwandishi wa programu wa Nairobi amewahi kuandika, au kumwomba mwenzake, kipande cha kusawazisha namba. Vingi vya vipande hivyo viliandikwa wakati kila namba ya simu ya mkononi Kenya ilianza na 07, na ndivyo vilivyokagua: tarakimu ya pili iwe 7, la sivyo kataa. Mwaka 2019 zikaingia namba zinazoanza na 01. Kipande cha zamani kikikutana na mteja mwenye namba hiyo kinamwambia amekosea namba yake mwenyewe. Msimbo haukubadilika hata herufi moja, ila nchi ilibadilika. Kama juu yake pangekuwa na tarehe na sentensi inayosema kinakubali 07 pekee, anayekirithi angeliona tatizo kwa kusoma, kabla ya mteja kuliona kwa kukataliwa.

Hiki hapa kipande kama ambavyo ningekitoa kwa wenzangu, kwa lugha ya Python:

    def sawazisha(namba):
        """Rudisha namba ya simu ya mkononi ya Kenya ikianza na 254.

        Hupokea 07 na 01 (01 ilianza kutumika 2019).
        Haipokei simu za mezani. Haijui kama namba ipo hewani.
        Namba ya Tanzania au Uganda iliyoandikwa kwa 07 itapita
        na kugeuzwa ya Kenya: hakikisha nchi kabla ya kuileta hapa.

        >>> sawazisha("0700 000 000")
        '254700000000'
        >>> sawazisha("+254 110 000 000")
        '254110000000'
        """
        tarakimu = "".join(h for h in namba if h.isdigit())
        if tarakimu.startswith("254"):
            tarakimu = tarakimu[3:]
        elif tarakimu.startswith("0"):
            tarakimu = tarakimu[1:]
        if len(tarakimu) != 9 or tarakimu[0] not in "17":
            raise ValueError(namba)
        return "254" + tarakimu

Maelezo yamekuwa marefu kuliko msimbo, na ndivyo inavyofaa iwe kwa kipande kitakachosafiri. Itazame ile sentensi ya Tanzania na Uganda. Mtu wa Dar es Salaam akijaza namba yake kwa 07 kwenye fomu ya duka la Mombasa, kipande hakitalalamika. Kitaibandika 254 mbele na kuipeleka, na huenda ombi la malipo likamfikia Mkenya asiyehusika kabisa. Kasoro hiyo siwezi kuiondoa ndani ya kipande, kwa kuwa tarakimu zenyewe hazisemi zimetoka nchi gani. Ninachoweza ni kuiandika mahali ambapo mwenzangu hawezi kuikosa.

Ile mistari yenye alama tatu za mshale ni mifano, na mifano hiyo inaweza kuendeshwa. Python ina zana iitwayo doctest, kazi ya Tim Peters, iliyoingia katika toleo la 2.1 mwaka 2001. Huisoma mifano iliyo ndani ya maelezo, ikaiendesha, ikalinganisha jibu na lile lililoandikwa. Kesho mtu akiubadilisha msimbo akasahau kubadilisha maelezo, zana itamwonyesha mahali viwili hivyo vinapotofautiana. Naihesabu kuwa miongoni mwa zana zenye manufaa makubwa katika fani yetu, kwani maradhi makuu ya maelezo ni kuzeeka kimya kimya. Mfano mzuri pia hufundisha haraka kuliko aya. Brian Kernighan alipoandika mafunzo ya lugha ya B mwaka 1972, na baadaye yale ya C, alitanguliza programu fupi zinazokimbia, na salamu yake kwa ulimwengu ndiyo hadi leo programu ya kwanza ya mamilioni ya wanafunzi.

Maelezo ya kipande changu nimeyaandika kwa Kiswahili, na hilo nalifanya kwa makusudi. Najua hoja ya wanaopinga: msimbo husomwa duniani kote, na amri zenyewe ni za Kiingereza. Kama kipande kinahusu hesabu ya jumla ambayo mtu wa São Paulo ataihitaji, kiandikie Kiingereza. Lakini kipande kinachohusu namba za simu za Kenya, majina ya wilaya za Tanzania au mfumo wa malipo wa kaunti, wasomaji wake ni watu wanaofikiri kwa Kiswahili, na wengi wao wako mwaka wa kwanza wa kujifunza. Wanayumba kwenye sentensi ya Kiingereza inayoeleza sharti dogo, na sharti dogo ndilo lenye madhara. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa OpenOffice kwa Kiswahili, ukaonyesha kwamba menyu na maagizo ya programu kubwa vinaweza kuandikwa kwa lugha yetu bila kulazimisha. Kazi ya kuandika maelezo ya vipande vyetu ni ndogo kuliko ile, na kila mtu anaweza kuianza kwa kipande alichokiandika wiki hii.

Kabla hujakitoa kipande, kipitie kwa jicho la mtu mwenye nia mbaya. Tafuta nywila, tafuta funguo za siri ulizopewa na huduma ya malipo, tafuta anwani ya hifadhidata. Tafuta pia majina na namba za wateja halisi, maana mifano mingi hunakiliwa kutoka kwenye kazi ya kweli, na kuziweka hadharani namba hizo kunaweza kukuingiza matatani chini ya Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya 2019 au Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya Tanzania ya 2022. Weka sifuri, kama nilivyofanya hapo juu. Na ikiwa ufunguo umeshatoka, usidhani kuufuta mstari kunatosha. Git huhifadhi historia yote, na kila aliyenakili mradi kabla hujafuta anao ufunguo huo kwenye mashine yake. Ingia kwanza kwenye huduma iliyotoa ufunguo, uubatilishe, uchukue mwingine, uhakikishe programu yako inafanya kazi na ule mpya. Kusafisha historia kufuate baada ya hapo.